Bonde likaushwe au libaki na maji yake? Jibu kwa mkulima wa Konde

Swali: "Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni mkulima wa mpunga, naishi upande wa Konde, Pemba. Bonde letu nusu ya juu tunalima, nusu ya chini ni kinamasi chenye miwale, mikindu na mikadi, na baada ya hapo mikandaa mpaka baharini. Kwenye mkutano wa shehia tumegawanyika. Wapo wanaotaka katapila ije ichimbe mtaro, maji yatoke, bonde lote lilimwe na pembezoni ipandwe mikaratusi. Watu wa misitu wamesema pasiguswe. Mjomba wangu aliyeko Denmark anasema huko serikali inawalipa wakulima wayarudishe maji mashambani, na kwamba wakulima wengine wa Ulaya wameingia barabarani na matrekta kupinga mambo hayo. Wenzetu wanajua nini tusichokijua? Na mbona wao wanalipwa, sisi tunakatazwa tu?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Sitakuweka: mtaro usichimbwe. Lakini anayekwambia "pasiguswe", akafunga daftari lake akaondoka, naye hajamaliza kazi yake. Swali lako la pili, la nani analipwa na nani anakatazwa, ni zito kuliko la kwanza, na huko Ulaya ndilo lililowatoa watu barabarani. Nitakwenda nalo mpaka mwisho. Kwanza tuujue udongo wenyewe.

Huko anakoishi mjomba wako, na katika nchi nyingi za kaskazini, kuna mabonde yenye udongo wa mboji. Usifikirie samadi unayotia kwenye mchicha. Hii ni mimea iliyokufa ikarundikana kwa maelfu ya miaka mahali ambapo maji hayaondoki. Pasipo hewa, vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi, basi majani na mizizi inabaki pale pale. Embe iliyozama ndani ya achari inakaa mwaka. Itoe uiache mezani, wiki haiishi. Udongo huu ni hivyo hivyo. Unaongezeka kwa kiasi cha milimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita 1 ni kazi ya miaka kama 1,000. Ukiyatoa maji, hewa inaingia, kuoza kunaanza, na kaboni iliyofungwa humo inatoka kwenda angani ikiwa hewa ukaa. Ardhi za namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini zimeshika kaboni nyingi kuliko misitu yote ikijumlishwa. Zile zilizokwisha kaushwa peke yake zinatoa kama asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Kwa mkulima, hata hivyo, hali ya hewa ya dunia si jambo la kwanza. La kwanza ni kwamba shamba linazama. Kule Uingereza, mahali panapoitwa Holme Fen, mwanzoni mwa miaka ya 1850 nguzo ya chuma ilizikwa ardhini mpaka kichwa chake kikawa sawasawa na uso wa udongo, wakati ziwa la jirani likikaushwa ili palimwe. Leo kichwa cha nguzo hiyo kiko kiasi cha mita 4 juu ya ardhi. Nguzo haikupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka. Waliokausha walivuna vizuri. Waliowafuatia ikawabidi wachimbe mitaro kwa kina zaidi, kisha waweke pampu, kisha pampu kubwa zaidi, kwa sababu mashamba yamekuwa chini ya mito inayopita pembeni yake. Na hiyo ni nchi ya baridi. Katika nchi za joto kuoza kunakwenda mbio zaidi, na shamba la mboji lililokaushwa Indonesia au Malaysia hushuka sentimita kadhaa kila mwaka.

Sasa matrekta. Usidhani wakulima wale ni wakaidi tu. Serikali zao ndizo zilizowaambia wakaushe, zikawapa na pesa za kukaushia. Ufini ilikausha karibu nusu ya vinamasi vyake ili miti ya mbao ikue upesi. Kaskazini ya Scotland, katika nyanda zinazoitwa Flow Country, miaka ya 1980 watu wenye pesa zao walipunguziwa kodi wakipanda misindano juu ya mboji. Nafuu hiyo ilifutwa katika bajeti ya 1988 baada ya mabishano makali. Sasa miti ile ile inang'olewa kwa pesa za umma na mitaro inazibwa, na mwaka 2024 eneo hilo limeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kodi ya mwananchi imelipa kuharibu, ikalipa tena kutengeneza. Mkulima ambaye babu yake alipewa ruzuku akaushe, leo akiambiwa ni adui wa mazingira, anaona amedhulumiwa, na mimi simlaumu.

Ireland ugomvi ulikuwa wa kuni. Familia nyingi za vijijini huko hukata mboji, wakaianika, wakaichoma kupasha moto nyumba. Serikali ilipowazuia kukata katika vinamasi vilivyohifadhiwa, iliwapa hiari ya kulipwa euro 1,500 kwa mwaka kwa muda wa miaka 15, au kuletewa mboji ya kuchoma. Bado wapo waliokataa, kwa sababu kwao ile ilikuwa haki ya wazee wao.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya kurejesha mazingira Juni 2024, kwa tabu kubwa. Kuhusu ardhi ya mboji iliyokaushwa na kulimwa, nchi wanachama zinatakiwa ziwe zimechukua hatua za kuirejesha katika asilimia 30 ifikapo 2030, na robo ya eneo hilo irudishiwe maji. Ifikapo 2050 iwe asilimia 50, na thuluthi yake irudishiwe maji. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo imeandikwa kwamba kurudisha maji ni hiari kwa mkulima na mwenye ardhi binafsi. Kifungu hicho hakikuja chenyewe. Kimo humo kwa sababu wakulima walipiga kelele.

Na Denmark ya mjomba wako ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2024 serikali, chama cha wakulima, chama cha wahifadhi, vyama vya wafanyakazi na serikali za mitaa walikaa meza moja wakakubaliana, na Novemba mwaka huo bunge likaridhia. Hekta 140,000 za ardhi ya chini yenye kaboni nyingi zirudishiwe maji, misitu mipya ioteshwe katika hekta 250,000, na mifugo ianze kutozwa kodi ya hewa chafu mwaka 2030. Zikatengwa kroner bilioni 43. Basi alichokwambia mjomba ni kweli. Wenzetu wanalipwa kwa sababu tatu: ardhi ina hati yenye jina la mtu, wakulima wana chama kinachoogopwa, na hazina ina pesa. Maarifa ya udongo hayamo katika hizo tatu. Udongo wako unaujua wewe kuliko wao.

Kabla sijarudi Pemba, nataka mkutano wenu ujue habari za nchi mbili ambazo ziko karibu nasi kwa hali kuliko Denmark.

Ya kwanza ni Indonesia, maana hao walifanya hasa kile kinachopendekezwa shehiani kwenu, na walikifanya kwa ajili ya mpunga. Mwaka 1995 Rais Suharto aliamuru hekta milioni 1 za vinamasi vya Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Mitaro ya zaidi ya kilomita 4,000 ilichimbwa. Miti ilikatwa, maji yakashuka, na mpunga haukukubali: udongo ulikuwa mkali kwa asidi na hauna rutuba ya kutosha. Ukame wa 1997 ulipokuja, mboji kavu ilishika moto, na moto wa mboji unatambaa chini kwa chini wala hauzimiki kwa ndoo. Moshi ulifunika mpaka Singapore na Malaysia. Mradi uliachwa, waliohamishiwa pale wakabaki na ardhi isiyozaa, na mwaka 2015 eneo hilo likaungua tena. Mwaka 2016 serikali ililazimika kuunda chombo maalumu cha kurejesha mboji, ambacho kazi yake kubwa ikawa kuziba mitaro.

Ya pili ni Rwanda, kinamasi cha Rugezi. Maji yake yanaingia ziwa Burera, na kutoka hapo yanazungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mitaro wakalima, kama ambavyo mtu yeyote mwenye njaa ya ardhi angefanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziwa lilishuka mpaka umeme wa nchi ukayumba na ikabidi kukodi majenereta ya dizeli. Serikali ikawatoa wakulima kinamasini, maji yakarudi, ziwa likapanda. Kwa nchi ilikuwa faida. Kwa aliyekuwa na tuta lake la viazi mle ndani, ilikuwa hasara ya siku ile ile, na faida ya umeme haikupita mlangoni kwake. Mfano huu naupenda kwa sababu una kweli zote mbili ndani yake: maji yalistahili kurudishwa, na waliotolewa walistahili kulipwa.

Bonde lako si Kalimantan wala Rugezi. Visiwani kwetu hatuna mboji ya kina kirefu iliyoenea kama ile ya bonde la Kongo, ambako wanasayansi walipima mwaka 2017 wakakuta zaidi ya kilomita za mraba 145,000. Tulicho nacho sisi ni vipande: udongo mweusi wa misitu yenye maji kama Jozani na sehemu za chini za Ngezi, vinamasi vya miwale kama chenu, na tope la mikandaa. Vipande vidogo, lakini viko kati ya mashamba ya watu na bahari, na hapo ndipo mtaro unapokuwa hatari kwetu kuliko ulivyo kwa Mdenmark.

Maji baridi ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ya chumvi ni mazito zaidi. Kanuni ya wataalamu wa maji ni kwamba mahali penye mawe na mchanga wa kupitisha maji, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inakandamiza chumvi kiasi cha mita 40 chini yake. Igeuze kanuni hiyo uone: ukiyashusha maji ya bonde kwa nusu mita tu, unaipa chumvi ruhusa ya kupanda mita 20. Ardhi ya Pemba ina udongo wa mfinyanzi mwingi kuliko mawe ya Unguja, kwa hiyo haiendi kwa hesabu hiyo sawasawa kila mahali, lakini mwelekeo ni huo huo. Nenda Kisiwa Panza ukaone mashamba ambayo bahari imeyaingilia mpaka mpunga haumei tena. Bahari inapanda hata bila ya msaada wetu. Mtaro unaotoka bondeni kwenda mikandaani una ncha mbili: maji kupwa yatatoa maji yenu baridi, na bamvua itaingiza chumvi kwa njia ile ile, mpaka kwenye konde zenu za juu ambazo leo ni nzuri.

Lipo na la asidi. Tope la sehemu ambazo mikandaa imepata kukaa, hata kama leo hakuna mkandaa, mara nyingi lina madini ya chuma na salfa. Likiwa chini ya maji halimdhuru mtu. Likipigwa na hewa, salfa inageuka asidi, kali kiasi cha kuua mizizi ya mpunga na samaki wa mtaroni. Mnaweza kuangalia wenyewe kabla ya kubishana. Chimbeni shimo la kufika kiunoni katika sehemu mnayotaka kukausha. Chukua konzi ya udongo wa chini, ukamue. Yakitoka maji ya rangi ya chai na kiganjani zikabaki nyuzi nyuzi za mizizi na majani, hiyo ni mboji. Ukiwa tope la kijivu lenye harufu ya yai viza, hiyo ndiyo salfa. Tia udongo huo katika mfuko wa plastiki ulio wazi mdomo, uuweke kivulini ndani, uwe unaunyunyizia maji kidogo usikauke kabisa. Pima asidi siku ya kwanza kwa karatasi za kupimia, kisha pima tena baada ya wiki 8. Namba ikishuka chini ya 4 (namba ndogo ndiyo asidi kali), bonde hilo likikaushwa halitakupeni mpunga, na mtu yeyote mwenye katapila asikudanganyeni. Ukiona na madoa ya manjano kama bizari katika vijia vya mizizi ya zamani, hata wiki 8 huna haja ya kuzingoja. Kituo cha kilimo cha Matangatuani hakiko mbali nanyi. Waombeni wawapimie kwa vifaa vyao, na mtake majibu kwa maandishi.

Sasa nirudi kwenye siasa, maana umeuliza na sitaki kukukwepa.

Wanaotaka mtaro si watu wabaya. Zanzibar inanunua sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje, na India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati Julai 2023, kila nyumba iliona bei dukani. Mwakilishi akisimama jukwaani akasema "tulime kila bonde", anasema kitu chenye uzito. Vijana hawana ardhi. Eka tatu tatu walizopewa wazee baada ya Mapinduzi zimeshagawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka mtu anabaki na mistari michache ya mihogo. Afisa wa misitu naye ana hoja yake: Ngezi ni mabaki tu ya msitu uliokuwa umeenea kaskazini ya Pemba, na kila kipande kinachokaushwa pembeni kinaufyonza maji msitu wenyewe. Popo wa Pemba, ambaye haishi popote pengine duniani, anategemea miti hiyo. Mikandaa nayo ishakatwa vya kutosha kwa boriti, kuni, matanuri ya chokaa na mashamba ya chumvi.

Wote wawili wana haki katika wanachokiona. Kosa la wa kwanza ni kudhani ardhi yenye maji ni ardhi ambayo haijatumika. Hebu jiulize mwenyewe: ukindu wa mikeka yenu unatoka wapi? Ukangaga wa mabusati? Makuti, kamba, dawa, samaki wa mvua, majimbi? Kina nani wanaoingia mle? Kwa sehemu kubwa ni wanawake, kama ambavyo mpunga wenyewe ni kazi ya wanawake. Na katapila ikishapita, kipande kilichokauka kinageuka kuwa shamba la nani? Nimeona mara nyingi, Unguja na Pemba, ardhi ikiwa ya maji hakuna anayeidai, ikikauka inapata mwenyewe, na mwenyewe huwa mwanamume mwenye karatasi. Kwenye mkutano wenu mtu aliulize hili kwa sauti kabla ya kura kupigwa.

Kosa la wa pili ni kudhani katazo ni mpango. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya 1996, haikatazi tu. Inairuhusu jamii kupewa msitu wake ikausimamia kwa makubaliano na serikali, ndiyo yanayojulikana kama COFMA, yenye mipaka, kanuni za matumizi na kamati ya shehia. Ukitaka kujua hayo yanaweza kufika wapi, nenda Jozani. Kima punju walikuwa wakila mazao ya watu wa Pete na vijiji vya jirani, na watu walikuwa wakiambiwa wavumilie. Wakulima wakaungana, wakaunda chama chao, UWEMAJO, wakadai kwamba ikiwa mgeni analipa kiingilio kumuona kima ndani ya shamba langu, basi sehemu ya kiingilio ni yangu. Wakapata. Malalamiko hayajaisha, wala hayataisha, lakini kanuni imesimama: mwenye shamba linalobeba hifadhi analipwa. Kule Kidike, hapa hapa Pemba, wanakijiji wanawalinda popo na wageni wanaokuja kuwatazama wanalipa. Hawakungoja Denmark.

Lakini nikutahadharishe na ahadi ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuuacha msitu au kinamasi bila kuguswa ili kaboni yake isitoke, maana najua itafika kwenu kama haijafika. Kuanzia 2010 ulikuwepo mradi wa HIMA, kwa pesa za Norway, ukisimamiwa na shirika la CARE pamoja na idara ya misitu. Shehia zaidi ya 40 za Unguja na Pemba zilichora mipaka, zikaunda kamati, zikaacha kukata katika maeneo yaliyohifadhiwa. Yaliyobaki ni mazuri: makubaliano yenyewe, na watu waliojifunza kuupima msitu wao. Lakini malipo ya kaboni ambayo wanakijiji waliyatarajia hayakuja, na aliyeacha kukata kuni kwa kungojea pesa hizo alibaki na mikono mitupu. Basi akija mtu na karatasi ya kaboni ya kinamasi chenu, swali lenu liwe moja: analipa nini mwaka wa kwanza, kabla hajauza chochote? Akisema "tukishauza tutagawana", mwambieni ende akauze kwanza.

Kwa hiyo kwenye mkutano ningekushauri msisimame upande wa "hapana" peke yake. Nendeni na pendekezo. Nusu ya chini ibaki na maji, iwekwe chini ya makubaliano ya shehia, na ndani ya makubaliano yaandikwe matumizi yenu: nani anakata ukindu na miezi gani, wapi majimbi yanapandwa, wapi hapaguswi kabisa. Yaandikwe majina ya wanaotumia, siyo ya wakuu wa nyumba tu. Msikubali neno "jamii" libebe kila kitu, maana siku ya kugawana jamii huwa na watu wachache sana. Huko Ujerumani na Uholanzi sasa wanajaribu kulima juu ya mboji bila ya kuikausha; wanaotesha matete na magugu marefu ya majini, wanatengeneza mbao za kukinga joto kwenye kuta za nyumba. Wewe na mama yako mmekuwa mkifanya kilimo hicho kwa ukindu na majimbi miaka yote. Kidaini kama kilimo, kipewe bibi shamba na soko, kisiitwe uokotaji.

Nusu ya juu, ile mnayolima, ndiko nguvu zitiwe. Katika mabonde mengi yetu mpunga unapandwa kwa kumwaga mbegu na maji yanakuja na kuondoka yatakavyo. Pesa za katapila zingetosha kutengeneza matuta madhubuti na malango ya mbao ya kufungua na kufunga, ili kila konde lishike maji kwa kipimo. Jaribuni kilimo shadidi: miche michanga, mmoja mmoja kwa nafasi, na maji ya kupokezana badala ya kufurika msimu mzima. Chomekeni kipande cha paipu ya plastiki chenye matundu katika konde, kina chake kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, muwe mnachungulia maji yako wapi. Yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, fungueni lango. Hapo mnakausha konde kwa siku chache bila ya kulishusha bonde zima. Sehemu ya mwisho inayokabili mikandaa ijengwe tuta la kuzuia bamvua, lenye tundu la kutolea maji ya mvua ambalo linajifunga lenyewe bahari ikijaa. Kazi hiyo ndiyo ya kumuomba mwakilishi. Ni kubwa, inaonekana, anaweza kuja kuizindua, na haiwadhuru.

Na mlima usisahauliwe. Mkifyeka juu, mchanga utashuka kuziba hayo malango mwaka wa kwanza tu. Mikarafuu iliyokufa ipandwe tena, na pale pasipofaa karafuu pawe na miti yoyote yenye mizizi.

Umenitajia mikaratusi. Pembezoni mwa bonde, hapana. Mti huo unakunywa sana, ndiyo maana watu wanaupanda wanapotaka kukausha, na utafanya polepole kile ambacho mtaro ungefanya kwa siku moja. Wanaouhitaji kwa boriti na kuni wana shida ya kweli na wasipuuzwe, kwani wasipopata huko watakwenda mikandaani usiku. Wapewe eneo la juu, kwenye ardhi iliyochoka, mbali na visima, wapande mikaratusi au mivinje kwa zamu za kuvuna. Hilo nalo liingie katika makubaliano yale yale, karatasi moja na kinamasi, ili anayenyimwa kukata chini awe na pa kukata juu.

Pimeni udongo kabla ya mkutano, hata kama itabidi mkutano usogezwe hizo wiki 8. Ukipata majibu, niandikie namba za asidi na kina cha maji cha mwezi huu, nikuambie malango yaanzie wapi.